Tupunguze Gunia, Tusiishie Kumfundisha Kuli Kuinama

Soko linalojulikana kuliko yote Dar es Salaam lina jina la wabeba mizigo. Kariakoo ni Carrier Corps iliyopita katika ulimi wa Kiswahili, yaani kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikitumia kubeba chakula na risasi katika Vita Kuu ya Kwanza. Nairobi nako kuna Kariokor, na asili yake ni hiyo hiyo. Zaidi ya miaka 100 imepita, maghorofa yamejengwa na biashara imehamia kwenye simu, lakini kazi iliyolipa eneo lile jina haijaondoka. Alfajiri, Fuso lililosheheni viazi vya Njombe au vitunguu vya Singida linapofika katika masoko ya jiji, kuli husogea nyuma ya bodi na kuinamisha shingo. Wenzake wawili walio juu humtwisha gunia, naye huanza kupita katikati ya meza, ndoo na madimbwi kuelekea ghala. Mara nyingi gunia hilo lina uzito mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Akilitua hurudi kuchukua jingine, na jingine, mpaka lori liishe.

Gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likaongezewa kilemba cha wavu au kipande cha gunia jingine, tunaliita lumbesa. Kwa miaka mingi lumbesa imekuwa suala la kitaifa. Mawaziri wameikemea, wakuu wa mikoa wameipiga marufuku, na Wakala wa Vipimo umewafikisha watu mahakamani kwa ajili yake. Hoja yao ni ya haki: mkulima anauza gunia moja kwa bei ya gunia, kumbe mnunuzi ameondoka na gunia na nusu. Lakini katika mjadala huo wote mtu mmoja hatajwi, naye ni yule anayelibeba. Tunajua lumbesa inachukua nini mfukoni mwa mkulima. Hatujajiuliza inachukua nini kiunoni mwa kuli. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba uzito wa gunia ni suala la usalama kazini kabla halijawa suala la vipimo, na kwamba hatutaizuia migongo isivunjike kwa mafunzo, mikanda wala nasaha. Tutaizuia kwa kupunguza mzigo wenyewe.

Tuanze na mwili, kwa sababu ndio unaotoa hukumu ya mwisho. Misuli inayousimamisha mgongo imepakana na uti wenyewe, kama sentimita tano tu kutoka katikati ya pingili. Mzigo ulio mikononi, kwa upande wake, huwa sentimita 40 au zaidi mbele ya kiuno. Huo ni mzani wenye mkono mmoja mrefu mara nane kuliko wa pili. Ili kusawazisha kilo 20 tu zilizonyooshwa mbele, misuli ya kiuno hulazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 160, na pingili za chini hubanwa na nguvu zote mbili kwa pamoja, kabla hatujahesabu uzito wa kiwiliwili chenyewe. Wazee waliobeba kichwani kwa ngata walikuwa na hekima, kwani mzigo uliokaa juu ya mstari wa uti huufupisha ule mkono mrefu wa mzani. Ila kuli wa lori hubeba begani na mgongoni akiwa ameinama. Hata kama gunia la kilo 100 liko sentimita 20 tu mbele ya kiuno chake, hesabu ile ile inaleta mbano wa kilo 500. Wataalamu wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, wanaanza kuhofia madhara pale mbano wa pingili za chini unapofika niutoni 3,400, sawa na uzito wa kilo 350 hivi.

Linaloifanya hatari hii iwe ya hila ni kwamba haipigi kelele. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kitu kama mto wa gegedu wenye ute ndani, na sehemu yake kubwa haina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwa kuwa haina mishipa ya fahamu ndani, inaweza kupata nyufa ndogo ndogo kwa miaka bila mwenyewe kuhisi chochote. Kwa kuwa haina damu, hupona kwa shida. Kijana wa miaka 20 anabeba leo na kesho anaamka mzima, kwa hiyo anaamini kwamba hakuna kilichotokea. Siku kiuno kitakapokatika anaweza kuwa ameinama kuokota ndoo ya maji nyumbani kwake, na kila mtu ataitupia lawama ndoo. Shirika la Afya Duniani linasema maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo yaliwasumbua watu milioni 619 mwaka 2020, na kwamba hakuna hali nyingine ya kiafya inayowatia watu wengi zaidi ulemavu duniani. Karani akiumwa mgongo huomba kiti kizuri na siku chache za mapumziko. Kuli akiumwa mgongo amepoteza mtaji wake wote.

Je, binadamu abebe kiasi gani? Dunia haikulikalia kimya swali hili. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 127, unaosema mfanyakazi asitakiwe wala asiruhusiwe kubeba kwa mikono mzigo ambao uzito wake unaweza kuhatarisha afya au usalama wake. Pendekezo namba 128 la mwaka huo huo likataja tarakimu: kilo 55 kwa mwanamume mzima, na nchi inayoruhusu zaidi ya hapo ichukue hatua za haraka za kushusha. NIOSH, katika kanuni yake iliyorekebishwa mwaka 1991, inaanzia kilo 23 kwa mazingira bora kabisa, yaani mzigo ulio karibu na mwili, wenye vishikio, ulioanzia usawa wa kiuno na usiohitaji kujipinda. Mazingira yakiharibika, kilo hizo hupungua. Sasa tulinganishe na kwetu. Kikomo ambacho maofisa wa vipimo wa Tanzania hukitaja kwa mazao ya shamba, kwa mujibu wa Sheria ya Vipimo, ni kilo 100. Maana yake ni kwamba hata lumbesa ikitokomezwa kesho asubuhi, kila mfanyabiashara akaitii sheria kwa uaminifu, kuli bado atatwishwa karibu mara mbili ya kiwango ambacho dunia ilikiweka kuwa kikomo mwaka 1967.

Wala historia yetu haisemi kwamba mizigo ya namna hii ni desturi. Biashara ya pwani ilipimwa kwa frasila, ambayo ilikuwa ratili 35, karibu kilo 16. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mzigo wa kawaida wa pagazi ulikuwa kama frasila mbili, ukiacha wabeba pembe za ndovu waliobeba zaidi. Misafara ile ilikuwa na ukatili wake na haifai kutamaniwa, na pagazi alikwenda mwendo wa miezi, si wa dakika tano. Hata hivyo inaonyesha jambo la maana: mzigo uligawanywa kabla ya safari kwa kufuata kile mtu anachoweza kubeba. Leo tumegeuza. Gunia linafungwa kwa kufuata kile mfanyabiashara anachoweza kubana ndani yake, kisha anatafutwa mtu wa kulibeba.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia linatoka kwa watu wenye nia njema. Wafundisheni, watasema. Waambieni wapinde magoti, wanyooshe mgongo, wauweke mzigo karibu na kifua. Ushauri huo si mbaya, na hesabu ya mzani niliyoieleza inaunga mkono sehemu yake kubwa. Tatizo ni kwamba ukitumika peke yake, haukuthibitika kuzuia majeraha. Marekani lilifanyika jaribio lililowahusisha karibu wafanyakazi 4,000 wa posta, ambapo baadhi walipewa mafunzo ya kutunza mgongo na wengine hawakupewa. Walipofuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 hayakuonyesha kwamba waliofundishwa waliumia kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2011 wachambuzi walizipitia kwa pamoja tafiti nyingi za aina hiyo, wakakuta hakuna ushahidi kwamba mafunzo ya kuinua mizigo yanazuia maumivu ya mgongo. Sababu haifichiki. Mbinu za darasani hufundishwa kwa boksi dogo lenye vishikio, lililowekwa sakafuni kwenye chumba kikavu. Gunia la viazi la kilo 100 halina pa kushika, haliwezi kukaa katikati ya magoti, na mwenye kulibeba anasubiriwa na dereva anayepiga honi.

Wengine watapendekeza mkanda wa kiunoni, ule mpana wa mpira unaouzwa madukani. Huo nao umepimwa. Utafiti mkubwa uliofanywa kwa wafanyakazi wa maduka ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2000 haukuona tofauti ya majeraha wala maumivu ya mgongo kati ya waliouvaa na wasiouvaa. Mazoezi ya mwili yana ushahidi mzuri zaidi. Uchambuzi uliotoka mwaka 2016 ulionyesha kwamba mazoezi, hasa yakiambatana na elimu, hupunguza uwezekano wa kuumwa mgongo. Nayaunga mkono kwa moyo wote, kwa dereva, kwa mwalimu na kwa mwandishi anayekaa siku nzima. Ila kumwambia mtu anayeshusha tani za viazi kabla ya saa tatu asubuhi kwamba anahitaji mazoezi ni kulikwepa swali.

Pingamizi la pili husikika sokoni kwenyewe: hawa wamezoea. Ushahidi wake unaonekana kwa macho, kwa kuwa mbele yetu yuko mzee wa miaka 50 anayebeba bila kutetereka. Lakini macho hapa yanadanganya. Anayeonekana sokoni ni yule ambaye mgongo wake umestahimili. Walioshindwa hawapo pale tuwahesabu. Wamerudi vijijini, wanauza karanga kwenye kibaraza, wanaishi kwa dawa za kutuliza maumivu, na hakuna daftari lililoandika majina yao. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, umesimama juu ya michango ya mwajiri. Kuli ana tajiri tofauti kila saa, na mara nyingi hana hata mmoja anayekubali kuitwa mwajiri wake. Hivyo jeraha lake halifidiwi, na kwa kuwa halifidiwi haliandikwi, na kwa kuwa haliandikwi tunasema wamezoea. Waswahili walishaliona hili waliposema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kwa nini basi gunia limekuwa kubwa kiasi hiki? Si kwa sababu ya ubaya wa roho wa mtu fulani, bali ni kwa sababu ya namna tunavyohesabu. Nauli ya lori mara nyingi huhesabiwa kwa gunia. Ushuru sokoni hutozwa kwa gunia. Kuli hulipwa kwa gunia. Mkulima naye huuza kwa gunia. Pale ambapo kila gharama inahesabiwa kwa gunia, kila kilo inayoongezwa ndani yake inasafiri bure, inakwepa ushuru na inabebwa bila malipo. Marufuku peke yake haiwezi kuushinda mvuto huo. Tukitaka gunia lipungue, mizani ikae mahali pa jicho: bei, nauli, ushuru na ujira vyote vihesabiwe kwa kilo. Siku hiyo hakutakuwa na faida ya kufunga lumbesa, na mkulima na kuli, ambao leo wamefungwa na kamba moja, watafunguliwa pamoja.

Kikomo ninachokitetea ni kilo 50 kwa kila mfuko unaobebwa na mtu mmoja, kama hatua ya kwanza kuelekea kilo 25. Si tarakimu ya kuota. Mbolea inauzwa kwa mfuko wa kilo 50. Sukari na saruji vivyo hivyo. Sembe tayari inapatikana katika mifuko ya kilo 25. Tafakari safari ya shamba moja la mahindi: pembejeo zinakwenda kwa mkulima katika mifuko ya salfeti ya kilo 50, na mavuno yanarudi mjini katika magunia ya kilo 100. Viwanda vya mifuko vipo, mashine za kushona midomo zipo, malori ni yale yale. Kiwanda kinafunga kilo 50 kwa sababu kina kiwango kilichoandikwa. Shamba linafunga kilo 100 na zaidi kwa sababu hakuna aliyeuliza nani atabeba. Wala kilo 50 zisiwe mwisho wa safari. Uingereza nayo ilikuwa na mifuko ya saruji ya kilo 50, na leo mfuko wa kawaida huko ni wa kilo 25, huku nyumba zikiendelea kujengwa.

Hapa makuli wenyewe wanaweza kuwa na pingamizi zito kuliko yote, nami nalichukulia kwa heshima. Gunia likigawanywa mara mbili, watauliza, ujira nao utagawanywa? Ukigawanywa, mtu atatembea mara mbili kwa pesa ile ile. Ndiyo maana nasisitiza malipo kwa kilo, na viwango vyake vibandikwe kwenye geti la soko baada ya kukubaliwa na vyama vya makuli, wafanyabiashara na uongozi wa soko. Kutembea mara mbili pia si lazima. Mifuko miwili ya kilo 50 hukaa vizuri kwenye toroli, mkokoteni au guta kuliko gunia moja lililovimba, na kuipakia hakuhitaji watu watatu. Anayehofia kwamba toroli litawanyima makuli kazi aelewe kwamba toroli linahitaji msukumaji. Tofauti ni kwamba msukumaji huyo anaweza kuifanya kazi hiyo kwa miaka mingi zaidi, na familia inayomtegemea itapata faida kubwa zaidi katika miaka hiyo kuliko katika haraka ya leo.

Mfanyabiashara atasema mifuko mingi ni gharama kubwa. Ni kweli, kutakuwa na mfuko mmoja wa ziada kwa kila kilo 100, ingawa mfuko wa salfeti hutumika zaidi ya mara moja. Lakini gharama ya gunia kubwa haijawahi kuwa sifuri, ila imehamishiwa kwa mtu asiye na risiti. Anailipa kuli kwa siku alizolala, anailipa mkewe anayebeba nyumba peke yake, na inalipwa na hospitali za umma. Halmashauri zinazojenga masoko mapya nazo zina sehemu yao. Jukwaa la zege lenye kimo cha bodi ya lori na njia ya lami isiyo na madimbwi vinapunguza kuinama na kuteleza kila siku kwa miongo mingi, na vikiwekwa kwenye ramani tangu mwanzo havigharimu sana. Soko lililojengwa bila sehemu ya kushushia mizigo limejengwa juu ya migongo ya watu.

Linabaki pingamizi la mwisho, la waliokata tamaa: marufuku zimetangazwa mara nyingi na lumbesa ipo. Kenya iliweka kilo 50 kuwa kikomo cha mfuko wa viazi katika kanuni za mwaka 2019, na usimamizi wake umekuwa wa kuvutana na wafanyabiashara. Sioni hapo sababu ya kuacha. Naona somo. Kanuni ile ilipiganiwa kwa ajili ya bei ya mkulima, na mkulima mmoja mmoja shambani ana nguvu ndogo mbele ya mnunuzi mwenye lori. Tukiiita kanuni ya usalama kazini, msimamizi wake anaongezeka. Tanzania ina OSHA, wakala wake wa usalama na afya mahali pa kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Mkaguzi wa usalama akisimama pamoja na ofisa wa vipimo kwenye kizuizi cha mazao na kwenye geti la soko, gunia lililozidi litafunguliwa hapo hapo na kugawanywa kwa gharama ya mwenye mzigo, badala ya kutozwa faini na kuruhusiwa kuendelea na safari hadi mgongoni mwa mtu.

Kanuni hii ya kuanza na mzigo haiishii sokoni. Ni mpangilio ule ule ambao nchi za Ulaya ziliuweka katika agizo lao la mwaka 1990 kuhusu mizigo: kwanza epuka mtu kubeba pale inapowezekana, kisha punguza hatari iliyobaki, na mafunzo yaje juu ya hayo. Kwenye ujenzi maana yake ni kapi na toroli kabla ya bega. Kiwandani maana yake ni meza ya kimo cha kiuno badala ya kurundika sakafuni. Hospitalini mzigo ni mgonjwa, ambaye hawezi kugawanywa mara mbili, na hivyo muuguzi anahitaji shuka la kutelezeshea, kitanda kinachopanda na kushuka, na wenzake wa kutosha kwenye zamu. Kila mahali swali la kwanza liwe juu ya mzigo, ndipo tufike kwa mbebaji.

Nawaomba basi wenye mamlaka mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wao: kikomo cha mazao kishushwe kutoka kilo 100 hadi 50, ushuru na ujira sokoni vihesabiwe kwa kilo, na mkaguzi wa usalama kazini aingie sokoni kama anavyoingia kiwandani. Nawe msomaji, utakapokwenda sokoni mwishoni mwa wiki hii na kusikia mtu akipaza sauti nyuma yako akiomba njia, mpishe, kisha litazame gunia lililo juu yake. Chakula chote cha jiji hili kilipita mgongoni mwa mtu kabla hakijafika mezani, na mgongo huo una kikomo ambacho sheria yetu bado haijakiandika.